Asante, fundi uliyeokoa kitako cha bunduki yetu ya Mauser 98

Fundi, jina hukuliacha, lakini shukrani zetu ni za dhati. Kitako kipya cha mbao ya mjozi kingepasuka shingoni, maana mkia wa chuma, yaani ncha ya nyuma ya chuma cha bunduki, ulikuwa umeibana mbao. Ulichonga nafasi ya milimita 1 nyuma yake, na sasa teke la bunduki linabebwa na nundu ya chuma iliyo mbele, chini ya bunduki, panapostahili. Kabla ya kuweka epoksi, gundi ngumu ya kujaza nafasi kati ya chuma na mbao, ulibandika tepu mbele, pembeni na chini ya nundu, ukapaka nta chuma chote, hasa skrubu. Bila nta, bunduki hugandana na kitako moja kwa moja. Na ile bushi ya skrubu ya nyuma, kibomba kidogo ambamo skrubu hupita, ambayo wengi huitupa! Uliirudisha, mbao haibonyei tena tukikaza. Mungu akubariki sana.