Barua kwa binti yangu kuhusu karakana

Elburgon, Jumapili jioni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku tu wazima. Mvua imetushika tangu Alhamisi na barabara ya msituni ni matope matupu. Mama yako anakusalimu.

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Unasema ukimaliza masomo hapo Kisumu utarudi kushika karakana, na kwamba kwanza utanunua kompyuta ya kuchorea mitambo. Nimefurahi mno. Pesa za kompyuta tutazitafuta. Ila kuna jambo moja nataka ulitangulize, na ili unielewe nitakusimulia habari za Einari Vidgrén wa Ufini.

Alizaliwa mwaka 1943, akaingia kazi ya msituni angali kijana mdogo, hatimaye akawa kontrakta wa magogo. Mashine za enzi hizo zilikuwa zikimvunjikia, nawe unajua mashine ikilala kontrakta naye analala njaa. Akaamua kuunda yake. Hakuiunda kwa ajili ya kuuza, aliiunda aende nayo kazini. Mashine ya aina hiyo huokota magogo kwa mkono wake wa chuma na kuyabeba mgongoni. Sisi huku tunayaburuta kwa trekta na winchi, yanafika kwenye msumeno yamejaa udongo na mawe, na meno yanakwisha kabla ya saa sita. Mimi nimenoa meno hayo miaka mingi, kwa hiyo niliposoma habari hizi nilimwelewa yule mzee kana kwamba ni jirani yangu.

Mwaka 1970 alianzisha kampuni kwao Vieremä, akaiita Ponsse, jina la mbwa koko wa pale kijijini. Mwaka 1995 iliingia kwenye soko la hisa la Helsinki. Mzee alifariki mwaka 2010, wanawe wakaendelea nayo, na mwaka 2015 ikatimiza mashine 10,000. Kiwanda hakikuhamishiwa mji mkubwa. Kiko palepale Vieremä.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukuambia. Trela yangu ya kwanza ya magogo niliiunda kwa kutazama picha. Nilichomelea vizuri, nikaipaka rangi nyekundu, mteja akalipa nusu. Siku ya pili ikiwa na mzigo wa saipresi mbichi, chesisi ilipasuka kwenye mteremko na magogo yakabingirika. Utingo alikuwa ameshuka dakika chache tu kabla ya hapo. Usiku ule sikulala. Kesho yake nilipanda trekta la mteja huyo, nikashinda naye msituni wiki nzima, nikiona mahali chuma kinapojipinda gurudumu moja likiingia shimoni. Trela ya pili niliichorea pale pale, juu ya kisiki, na ndiyo hiyo unayoiona ikipita hapa mpaka leo.

Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwezi Februari 2018, mji huu ulinyamaza. Wewe ulikuwa ungali shule. Tulikula kwa mageti na fremu za madirisha mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 2023, na katika miaka hiyo mafundi wangu wawili wazuri waliondoka wakaenda kutafuta riziki mahali pengine. Sikuuza mashine ya kukunjia vyuma, ingawa niliombwa mara nyingi. Nilikuwa nakuwekea wewe, hata kabla hujasema unaitaka.

Kwa hiyo ukifunga shule Desemba, usianzie karakanani. Nimeongea na dereva wa trekta, yule mzee wa Molo, amekubali kukaa nawe mwezi mzima. Uliza maswali yote, hata yale unayoona haya kuyauliza. Shika winchi kwa mikono yako. Andika kila kinachovunjika na kilivunjikia wapi.

Anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na hangoji mtu. Buti zako zinakubana vidole, nitakununulia nyingine siku ya soko, nitumie saizi.

Baba yako