Leseni itaje bandari ya kushushia samaki

Ndugu Mhariri,

Juzi hapa Kilwa Masoko nahodha mmoja alishusha jodari wawili, wamefunikwa gunia, barafu yote imekwisha kuwa maji. Kabla dalali hajafungua mnada, mzee mmoja akauliza: "Na wale wanaovuliwa na meli za kigeni, wao wanashushiwa wapi?" Kijana akamjibu, "Wale wanaibwa, mzee."

Wizi upo, sikatai. Mwaka 2009, Magufuli akiwa waziri wa uvuvi, tuliikamata Tawariq 1, meli ya kigeni iliyokuwa ikivua bila leseni, ndipo tukapata jina la "samaki wa Magufuli". Lakini meli yenye leseni haiibi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia 1985, unatupa haki ya samaki hadi maili 200 za baharini. Kisha Ibara ya 62 inasema: pimeni uwezo wenu wa kuvua, ziada wapeni wengine kwa makubaliano. Kwa ngalawa na mashua zetu, huko bahari kuu ziada ni karibu samaki wote.

Kinachonishangaza ni kuisoma ibara hiyo nusunusu. Aya yake ya 4 inaturuhusu kudai zaidi ya ada: waangalizi melini, mafunzo kwa watu wetu, hata meli kushusha samaki wote au sehemu yao katika bandari zetu. Sisi tuling'ang'ania fedha. Tulipodai mrabaha wa dola 0.4 kwa kila kilo, meli zikahama, kwa kuwa jodari hakai mahali pamoja. Ukimkosa Mafia utamkuta Shelisheli, na kule kwao, mjini Victoria, wana bandari na kiwanda cha kumsindika. Duka la jirani yangu hapa linauza jodari wa kopo kutoka Thailand!

Ndiyo maana sharti la kushusha samaki tulipange pamoja na Kenya, Msumbiji na Comoro, la sivyo meli zitakimbilia kwa aliyelegea.

Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya hapa kwetu liliwekwa Septemba 2023. Naiomba wizara itueleze hadharani: leseni za sasa zinadai tani ngapi zishushwe nchini? Na zikishushwa hapa, barafu itatoka wapi? Mimi bado nanunua ya kugandishwa kwenye friji za majumbani.

Mchuuzi wa samaki,
Kilwa Masoko