Kilo nilizopunguza zinarudi, moyo nao unachoka

Shikamoo Shangazi. Nimekusoma tangu nikiwa msichana, na leo ni zamu yangu kuomba ushauri.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 38, mume na watoto watatu. Mwaka jana nilipimwa presha zahanati ikaonekana 150 kwa 95. Uzito ulikuwa kilo 94, na urefu wangu ni sentimita 160 tu. Daktari hakunitisha. Alisema nikipunguza hata kilo tano, presha inaweza kuanza kupata nafuu, tusonge polepole. Mama yangu mzazi alipigwa na kiharusi kwa sababu ya presha; mkono wa kulia umepooza na hadi leo mdogo wangu ndiye anayemvisha. Kwa hiyo mtu akiniambia nahangaikia urembo, huwa naumia sana.

Nilianza vizuri. Sukari kwenye chai niliacha, na vitumbua vya asubuhi pia. Ugali nikapunguza, mchicha na dagaa nikaongeza. Baada ya swala ya alfajiri nikawa natembea kutoka Chumbageni mpaka Raskazone na kurudi. Nikafika kilo 85. Magauni yangu niliyabana pembeni mwenyewe, na presha ikashuka mpaka muuguzi akanipongeza.

Kisha goti likavimba. Kabla halijapoa tukafiwa na baba mkwe. Unajua msiba ulivyo, Shangazi: jiko si lako, unakula kinachopakuliwa, usiku hulali. Kilo tano zikarudi, na yale magauni nikayafumua.

Sasa natembea tena. Nilishuka kidogo, halafu mzani ukaganda. Muuguzi amenieleza kwamba mwili ukishapungua unahitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa mzito, hivyo kipimo kilichonipunguza mwanzoni ndicho sasa kinachoniweka palepale. Nimemwelewa. Lakini kupunguza zaidi ndiko kulikonishinda, kwa sababu ya mama mkwe.

Tangu amalize eda amehamia kwetu. Ni mpole, ananipenda kama mwanawe, na kupika ndiko kunakomtoa kwenye mawazo. Jioni nikifunga kazi nakuta ameniwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani imefunikwa kawa, naye anakaa mkekani karibu yangu mpaka nimalize. Nikibakiza nusu, anauliza kama chumvi imezidi. Juzi ameniambia, "Mwanangu, unakwisha hivi, watu watasema kijana wangu hakutunzi." Mtaani nako, nilipofika zile kilo 85, walianza kunong'ona kwamba nina ugonjwa. Mume wangu ananisihi niache kujitesa, yeye ananipenda nilivyo. Namshukuru, ila hajawahi kukaa na mgonjwa wa kiharusi.

Kuna jirani ananishawishi ninunue chai ya kukata tumbo. Hiyo sitaki. Inaharisha tu, ukinywa maji uzito unarudi.

Shangazi, cha kula nakijua. Nisichokijua ni namna ya kumwambia mama mkwe apunguze kile anachonipakulia bila kumnyang'anya faraja yake. Nimwombe tuwe tunapika pamoja? Nimpeleke kliniki asikie mwenyewe kutoka kwa daktari? Au mume wangu ndiye aseme, maana ni mama yake? Naogopa akisema yeye, mama ataona nimemshtaki.

Na huu moyo nao. Kuna alfajiri naamka, nafunga kamba za viatu, halafu nakaa kitandani nikijiuliza natoka kwenda wapi wakati namba ni ileile. Je, niache kupanda mzani kwa muda, nifuate kipimo cha presha na futi yangu ya kazini tu? Wenzangu mliowahi kupunguza zikarudi, kisha mkaanza upya, mlishika kitu gani siku zile mzani ulipogoma?

Ni mimi, Fundi wa Chumbageni
Tanga