Barua kwa mwanangu: ongeza haya kwa wasifu ya shosho

Mami, habari ya kampasi. Huku tuko salama, mamako anakusalimia sana na anauliza kama ile blanketi ulipata.

Nimesoma ile wasifu ya shosho ulinitumia kwa WhatsApp, ile utasoma kwa misa ya kumbukumbu. Kiswahili yako iko sawa kabisa, lakini nimefika mwisho nikajiuliza huyu ni shosho wa nani. Ati alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu. Sikatai, ni ukweli, lakini enyewe hapa Nairobi ushawahi sikia marehemu mwenye hakuwa hivyo? Wewe ndio umebeba jina yake, so wacha nikuambie mambo ya kuweka.

Weka daftari. Mamangu alikuwa mweka hazina wa jumuiya, kile kikundi cha majirani Wakatoliki wa kusali pamoja, miaka mingi hapo Kariobangi, na hio daftari nilikua nikiiona, kava imefunikwa na gazeti, biro imefungwa kwa uzi ya kushonea ndio watoto wasiende nayo, yaani sisi. Jumapili mchana ikifika zamu yetu jumuiya inakuja kwa nyumba, chumba moja, watu wamekaa mpaka juu ya mitungi ya maji, wanasoma injili, wanaombea wagonjwa, chai inapita, halafu anatoa daftari na hapo ndio ungemjua. Jina moja baada ya lingine, nani ametoa ya mgonjwa, nani ya matanga, nani alisema wiki ijayo na wiki imeshafika. Hakuwa anabembeleza mtu. Lakini wageni wakishaenda alikuwa anafungua ile leso anafunga pesa ya mboga, anahesabu pole pole, anatoa kidogo anaweka kwa ile ya jumuiya, anarudi kwa daftari anaandika kwa jina ya mtu mwingine kabisa ati amelipa. Nikimuuliza ananiambia nilale. Majina nayajua na sitakuambia, wengine watakuwa hapo kwa misa wamekaa mbele.

Unajua mtu akifa hapa mjini kuna mochari, kuna sanduku, kuna gari ya kumpeleka ushago, na hio yote inatafutwa kwa siku chache. Wenye walikuwa wanafika kwanza jioni hio hio ni watu wa jumuiya, kabla hata ndugu wa damu hawajashuka kwa basi. Shosho alikuwa anafika na sufuria yake kubwa, ile imeandikwa jina kwa rangi nyekundu chini, na harudi nyumbani mpaka kila mtu amekula. Sisi huku tunakula sukuma ya jana. Shangazi yako mpaka leo analalamika ati mama alikuwa wa mtaa mzima, na mimi namwambia ana haki ya kusema hivyo. Ukitaka weka hata hio, ameniambia hana shida.

Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja kwa Kongamano la Ekaristi, misa ikawa Uhuru Park, tukatembea kwa miguu kutoka Kariobangi akinivuta mkono na akiimba njia yote. Papa sikumuona, niliona migongo ya watu. Yeye alikuwa anaapa alimuona. Halafu 2015 Papa Fransisko akaja, wewe ulikuwa mdogo, misa ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi na mvua ikanyesha vibaya, na huyo mama na magoti yake mabaya akaenda na gambuti, usiku kabla kuche. Akarudi matope mpaka kiunoni, anacheka.

Kitu ilimuuma ni 2020. Makanisa yalifungwa Machi, yakifunguliwa Julai serikali ikasema wenye wamepita miaka 58 wakae nyumbani pamoja na watoto wa chini ya 13. Weh, alikasirika! Akauliza kama korona inasoma kitambulisho kabla iingie kanisani. Basi akawa anafuata misa kwa Radio Waumini, amevaa kitambaa yake ya CWA, chama ya wamama Wakatoliki, kichwani, injili ikisomwa anasimama, na sisi wote tunasimamishwa hapo sitting room, wewe na simu yako ukiwa wa mwisho, nadhani unakumbuka. Michango ikawa inaingia kwa M-Pesa na bado anaiandika kwa daftari, ati meseji inaweza futika.

Hayo ndio nataka watu wasikie. Ile ya mcha Mungu acha mstari mmoja. Na usisahau kutaja jumuiya kwa jina yake yote, hao wamama ukikosea watakukata jicho mpaka Krismasi. Ukimaliza nitumie nione kwanza, na isipite dakika tano, padri ana misa ingine saa tano na huwa hangoji mtu.

Ni mimi babako.