Gari kwanza, nyumba baadaye

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mwenzako. Barua yako nimeipata, na furaha niliyoisoma nayo siwezi kuificha. Mmelizungumzia gari-nyumba kwa muda mrefu, na sasa mmelinunua kweli na mnataka kuhamia humo moja kwa moja. Umeniuliza habari za godoro na rafu. Nitakujibu siku nyingine, maana kuna jambo linalonikaa moyoni zaidi: hilo ni gari kwanza, nyumba baadaye. Wanaopata taabu njiani mara nyingi ni wale waliolipanga kama nyumba wakasahau kwamba breki, matairi na chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) vina kikomo.

Anzeni na uzito. Kwenye kibati cha gari au kwenye hati zake pameandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa gari likiwa tupu. Kinachobaki ndicho mnachoruhusiwa kupakia, na humo wamo watu, maji, gesi, vyombo, vitabu na baiskeli. Kwa kawaida ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 100 likijaa limeshakula kilo 100. Pakieni kila kitu, jazeni maji na mafuta, kaeni wote wawili ndani, kisha lipelekeni gari kwenye mzani wa malori. Ombeni kila ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, ipimwe peke yake, kwa sababu jumla inaweza kuwa sawa kumbe ekseli ya nyuma imezidiwa. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli. Makabati ya juu yaachieni nguo na mablanketi.

Matairi yanazeeka hata yakisimama. Tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT, na mwisho wa mstari huo utaona tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya husimama juani muda mrefu, mpira ukakauka na kuanza nyufa kabla tairi halijawa kipara. Likifika miaka mitano au sita, fundi alikague kila mwaka, na akisema libadilishwe usibishane naye. Upepo pima asubuhi kabla hamjaondoka, matairi yakiwa bado ya baridi.

Sasa choo, ambacho watu huona haya kukizungumzia mpaka kinawashinda. Mtakuwa na tanki la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Koki ya tanki la choo ifungwe muda wote, hata kama mmeegesha kambini na mmeunganishwa na bomba la maji taka. Ukiiacha wazi, maji yanatiririka yote na kinyesi kinabaki, kinarundikana chini ya tundu, kinakauka, na kukitoa ni kazi nzito. Mwageni maji ya kutosha kila mnapotumia, msubiri tanki lifike kama theluthi mbili, ndipo mfungue. Anzeni na la choo, kisha la maji ya vyombo, ili maji hayo yasafishe mpira wa kutolea maji taka. Vaeni glavu. Mpira wa kujazia maji ya kunywa uwe wa rangi nyingine na ukae sanduku lingine kabisa. Kuhusu karatasi ya chooni, tia kipande kwenye chupa ya maji utikise. Kikisambaratika, karatasi hiyo inafaa.

Hili la gesi nakuomba kama ndugu yangu wa damu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, na ndiyo maana gari lina matundu ya hewa chini. Msiyazibe hata baridi ikiwaje. Wekeni kengele ya gesi karibu na sakafu, na ya kaboni monoksidi pale mnapolala, kwa kuwa sumu hiyo haina harufu wala rangi. Jiko ni la kupikia tu, lisitumike kupasha chumba joto mkiwa mmelala.

Umeme hautawasumbua mkijua matumizi yenu. Birika la wati 1200 likipitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) kwenye betri ya volti 12 linavuta ampea 100 au zaidi, hivyo chai ichemshwe kwa gesi. Betri ya asidi isishuke chini ya nusu. Ya litiamu inavumilia zaidi, ila isichajiwe kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0.

Paa likagueni mara kwa mara, hasa kingo za madirisha ya juu. Maji hupenya polepole, na ukiona doa ndani, huenda mbao zimeshaanza kuoza. Mkipika au kuoga fungueni dirisha, mvuke utoke.

Pima kimo cha gari pamoja na kilichofungwa juu ya paa, ukiandike kwenye karatasi, ukibandike mbele ya usukani. Unaporudi nyuma mwenzako ashuke asimame unapomwona kiooni. Akipotea kiooni, simama hapo hapo. Ukikata kona kumbuka mkia wa gari unafagia upande wa pili.

Usiku wa kwanza laleni karibu na nyumbani, mahali ambapo fundi anapatikana. Kila kifaa kitumieni: maji ya moto, friji, taa, choo. Kama friji ni ya gesi, gari lisimame sawasawa, isiharibike.

Mkitoka kwenye mzani niandikie namba za kila ekseli pamoja na picha ya kibati. Tutakaa tuangalie kipi kiende na kipi kibaki.

Msalimie sana mwenzako.

Rafiki yako wa siku zote