Mwalimu tarajali wa sayansi afundishwe somo lake upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu mafunzo ya uzamili kwa wahitimu wanaotaka kufundisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Wanaojadili jambo hili kwa kawaida huwa kambi mbili. Wapo wanaoamini kwamba mwenye shahada ya fizikia au ya hisabati anatosha kabisa na kwamba yaliyobaki atayajulia darasani, na wapo wanaodai aongezewe mwaka mmoja au miwili ya saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu na usimamizi wa darasa. Mimi nimefundisha hisabati kwa muda mrefu na nimewapokea walimu tarajali wengi darasani kwangu, na naona kambi zote mbili zinaliruka jambo lile lile: hakuna anayemrudisha mhitimu huyu kwenye somo lake alitazame kwa jicho la mtu atakayelifundisha.

Pengo hili si geni. Mwaka 1908, mwanahisabati Mjerumani Felix Klein, aliyekuwa akiwafundisha walimu watarajiwa huko Göttingen, alieleza kwamba kijana akiingia chuo kikuu hukuta hisabati isiyofanana hata kidogo na ile aliyoiacha shuleni, kisha akihitimu na kurudi shuleni kufundisha huiweka kando ile ya chuo na kufundisha vile vile alivyofundishwa yeye. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alionyesha kwamba ujuzi unaokosekana hapo ni wa aina yake: si kulijua somo tu, wala si kujua kufundisha kwa jumla, bali ni kujua namna somo fulani linavyoeleweka na linavyokwamisha wanaojifunza. Ujuzi huo ndio ungepaswa kuchukua sehemu kubwa ya mafunzo ya uzamili, lakini katika programu nyingi hupewa saa chache zinazobaki baada ya kozi za jumla.

Nitoe mfano. Tuseme katika chuo fulani kila mhadhiri mmoja ana wanafunzi sita, na mwanafunzi anaambiwa aandike mlinganyo, W ikiwa idadi ya wanafunzi na M idadi ya wahadhiri. Wengi huandika 6W = M, ilhali sahihi ni W = 6M. Watafiti wa Marekani walipowapa swali la namna hii wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, zaidi ya theluthi moja walikosea, na hao si watu wanaoogopa hesabu. Kosa lenyewe halitokani na uzembe. Mwanafunzi ama anafuata mpangilio wa maneno katika sentensi, ama anaiona W kuwa ni wanafunzi wenyewe na si idadi yao. Mwalimu asiyejua chanzo hicho atapiga mkasi kwa wino mwekundu, ataandika jibu sahihi ubaoni na kuendelea na mada. Anayekijua atauliza, “Wahadhiri wakiwa kumi, wanafunzi ni wangapi?” kisha atamwacha mwanafunzi aziingize namba hizo katika mlinganyo wake mwenyewe na kuona unavyokataa.

Fizikia na kemia nazo zina mitego yao. Ukirusha mpira juu, wanafunzi wengi husadiki kwamba nguvu ya mkono bado inausukuma hata baada ya kuachiwa. Na ukiwauliza mapovu ya maji yanayochemka yana nini ndani yake, wengi hujibu kwamba ni hewa, au haidrojeni na oksijeni, badala ya mvuke wa maji. Nisiwasingizie wanafunzi peke yao, kwa maana nimesikia majibu hayo hayo kwa walimu tarajali wenye shahada nzuri, ambao walifaulu mitihani yao yote bila kuulizwa swali jepesi kama hilo.

Finland inafaa kutazamwa, si kwa sababu ya sifa zake bali kwa mpangilio wake. Mwalimu wa somo huko husoma hadi shahada ya uzamili, na ndani yake zimo krediti 60 za ualimu, yaani kazi ya mwaka mzima, ambazo sehemu yake ni mazoezi ya kufundisha katika shule zilizo chini ya vyuo vikuu vyenyewe. Katika shule hizo kumlea mwalimu tarajali ni sehemu ya kazi ya mwalimu mwenyeji. Kwingineko mwalimu huyo huongezewa mzigo bila kupunguziwa vipindi, na mkufunzi wa chuo hufika mara moja au mbili, hukaa nyuma ya darasa, hujaza fomu na kuondoka. Mara nyingi mkufunzi mwenyewe si mtu wa somo hilo, hivyo hukagua andalio la somo, sauti na mwandiko wa ubaoni, huku kosa la fizikia likipita mbele yake salama.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Mhitimu wa hisabati anatafutwa na mabenki na kampuni za kompyuta, na kumwambia asome tena kwa gharama yake ili alipwe pungufu ni kumfukuza. Marekani ina ufadhili wa Noyce kwa wanaosomea ualimu wa sayansi na hisabati, ambao humtaka anayefadhiliwa afundishe miaka miwili katika maeneo yenye uhitaji kwa kila mwaka aliolipiwa, na utaratibu wa namna hiyo ni wa haki kwa pande zote mbili.

Ninachopendekeza kwa vyuo ni kwamba nusu ya muda wa uzamili itumike katika maudhui ya sekondari yenyewe, pamoja na kazi ya maabara ambayo mwalimu tarajali ataiandaa mwenyewe tangu kuzimua asidi hadi kusafisha vifaa, kwa sababu chuoni fundi sanifu alimwandalia kila kitu. Mazoezi ya kufundisha yachukue mwaka mzima wa shule chini ya mwalimu mmoja mzoefu wa somo hilo hilo, aliyepunguziwa vipindi kwa ajili hiyo. Na katika tathmini ya mwisho, mtahiniwa apewe madaftari halisi ya wanafunzi yenye majibu yaliyokosewa, aeleze kila mmoja alikuwa akifikiri nini, kisha aseme angemuuliza swali gani.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa hisabati