Ami, nyumba ya Pate usiipige saruji

Assalaam aleikum, Ami.

Natumai nyote hapo nyumbani mko salama. Habari zimenifikia kwamba fundi amekwisha kuja kupima: chokaa ya kutani ikwanguliwe yote na ipigwe plasta ya saruji, dari ivunjwe na kumwagwa zege, na mlango wa mbele umepata mnunuzi. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si letu peke yetu. Visiwani Lamu kote, Siyu, Faza, Shela, kila aliyerithi nyumba ya mawe anahangaika na swali hili hili.

Haki yako naijua. Wewe ndiye ulalaye humo, wewe ndiye uhamishaye godoro masika yanapoingia. Sisi tulio Mombasa ni wepesi wa kusema nyumba isiguswe. Mimi sisemi hivyo. Iguse, itengeneze, ila saruji usiipeleke kwenye kuta zile.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, na zinanyonya unyevu wa ardhi na wa hewa kisha zinautoa. Chokaa inauacha upite. Saruji inauzuia. Maji yakishafungiwa ndani hupanda juu yakitafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo ndani ya jiwe huganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Mwanzoni ukuta utapendeza, watu watakupongeza. Baadaye utaugonga kwa vidole usikie uwazi ndani, kisha plasta itaanguka mapande mapande, na kila pande litabeba ngozi ya jiwe. Ukifika hapo huna tena pa kurudi.

Na zidaka, yale matundu ya ukutani yenye nakshi, je? Nimeambiwa fundi anataka kuzijaza ili ukuta uwe sawa. Ami, ingia ndani asubuhi jua linapopita uani, simama kando ya ukuta ule utazame kingo zake. Zile nakshi hazikumiminwa kwenye kalibu. Mtu alizikata kwa kisu katika plasta ya chokaa kabla haijakauka, na alama ya kisu ingali inaonekana pale ambapo mkono ulirudi mara ya pili. Daka za chini ni pana, za juu zinapungua kidogo kidogo, hivyo chumba kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Hakuna fundi wa leo atakayekurejeshea kazi ile ukishaijaza saruji.

Wembamba wa vyumba, ambao vijana wanaulalamikia, umetokana na boriti. Mti wa mkoko haubebi dari ya mawe zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo wazee walijenga vyumba vyembamba na kuvirefusha upande wa pili. Juu ya boriti wakapanga mawe ya ragi, yaani matumbawe magumu, juu yake chokaa na kokoto, wakaipondaponda hadi ikashikana. Ukiondoa dari hiyo na kumwaga zege, umeubebesha ukuta wa matumbawe mzigo ambao haukujengewa. Na nondo zikifungwa katika mchanga wa pwani wenye chumvi hushika kutu, huvimba na kupasua zege lenyewe. Majengo ya namna hiyo umeyaona Lamu.

Boriti zilizooza ni zile zinazopata maji vichwani, pale zinapoingia ukutani. Zitolewe moja moja, dari ikiwa imeegemezwa, ziwekwe mpya zilizokatwa kwa kibali cha msitu. Kisha juu ya sakafu ya paa simamisha nguzo nyepesi na uezeke makuti. Ukitaka bati, weka bati, sina ugomvi nalo. Hata maji ya mvua utayakinga, na visima vyetu unavijua vilivyo na chumvi. Ubaya wa chokaa sikufichi: inataka kulowekwa muda mrefu kabla ya kutumika, inataka kupakwa upya mara kwa mara, na mafundi wake wamepungua. Lakini Lamu mjini wapo bado.

Kuhusu mlango nitasema wazi zaidi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inaulinda mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka 1946. Kuufanyia biashara kunataka leseni, na kuutoa nchini kunataka kibali. Huyo mnunuzi anayetaka ung'olewe usiku anaijua sheria hiyo kuliko sisi.

Najua unachelea kwamba tukiwaita watu wa Makumbusho serikali itatunyang'anya nyumba. Mji wa Lamu ulitangazwa kwenye gazeti la serikali mwaka 1986 kuwa turathi inayolindwa, UNESCO wakauorodhesha katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na familia zingali zinaishi humo na kurithishana. Kinachobadilika ni kwamba huvunji wala kubadilisha bila idhini. Ni usumbufu, naam. Nyumba yetu haimo katika hifadhi ile ya mjini, kwa hiyo kwa sasa mlinzi wake ni wewe.

Tena wewe unalima tumbaku katikati ya magofu ya Pate, unayapita kila uendapo shamba. Tazama pale paa lilipoanguka jinsi mvua ilivyoula ukuta kuanzia juu, na pale chokaa iliposhika jinsi daka zilivyosimama mpaka leo. Nyumba yetu bado ina paa, Ami.

Ninachokuomba ni hiki. Mwambie fundi asubiri, na malipo ya awali kama hujatoa usitoe. Mimi na ndugu zangu tutachanga ya chokaa na boriti, na nitakuja na fundi kutoka Lamu aanze na chumba kile kinachovuja, kabla ya masika. Mlango mwambie mtu huyo hauuzwi. Akikusumbua mpe namba yangu.

Mwanao wa Mombasa.